Kivinjari kinang'ang'ania nisakinishe programu-jalizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina steshenari ndogo: kuchapa, kutoa kopi, kuwajazia watu fomu za maombi mtandaoni, na pembeni kidogo kutengeneza laptopu. Maswali haya ndiyo yanayoletwa kaunta mara nyingi zaidi, na mengi nimeyaacha karibu na maneno ya wenyewe. Majina ya menyu nimeyafuata ya Chrome iliyowekwa kwa Kiswahili. Kama yako ni ya Kiingereza, mambo yamekaa mahali palepale.

Programu-jalizi ni kitu gani hasa? Ni sawa na kiendelezi?

Si sawa, ingawa hata sisi mafundi tunavichanganya midomoni. Programu-jalizi, au plagini kama vijana wanavyosema, ilikuwa programu kamili inayokaa kwenye kompyuta. Kivinjari kikikutana na kitu kisichokiweza, kiliiita ije ikifanye ndani ya ukurasa: Flash kwa video na michezo, Java kwa mifumo ya ofisi, Silverlight ya Microsoft, QuickTime ya Apple. Utaratibu huo ulianza na Netscape mwaka 1995. Ubaya wake ni kwamba programu hizo zilikuwa na mkono mrefu hadi ndani ya kompyuta, kwa hiyo tundu kwenye Flash lilikuwa tundu kwenye nyumba nzima.

Kiendelezi kinaishi ndani ya kivinjari chenyewe: kizuia matangazo, kamusi, kitunza nywila. Kinachukuliwa kwenye duka la kivinjari husika, na ukikifuta kinaondoka.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu programu-jalizi za aina ya kwanza zilishakufa. Chrome iliacha kuzipokea Septemba 2015, toleo la 45, ikabaki na Flash yake ya ndani. Firefox ikafuata Machi 2017, ikabakiza Flash peke yake. Flash nayo Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 hata aliyekuwa nayo kwenye kompyuta ilikataa kumchezea kitu. Anayekuambia leo usakinishe Flash ndipo uone video anakuuzia vocha ya kampuni ya simu iliyokwishafunga ofisi.

Kwa hiyo kila ombi la kusakinisha ni utapeli?

Karibu kila ombi. Yapo machache ya kweli: kamera za ulinzi, mifumo mikongwe ya maofisini, na ujumbe mmoja wa Firefox. Nimeyaeleza chini.

Kabla ya kubofya chochote, tafuta kwanza nani anaomba. Funga kichupo hicho kimoja. Ombi likipotea, lilikuwa la ukurasa tu, na shida imekwisha. Kama visanduku vinaendelea kuibuka kwenye kona ya skrini hata umefungua tovuti nyingine kabisa, hizo ni arifa. Na kama ombi linakungoja kila unapowasha kivinjari, au ukurasa wa mwanzo umebadilika bila wewe kuubadilisha, kuna kitu kimeshaingia ndani. Jaribu kufungua dirisha la hali fiche, ambamo viendelezi huwa havifanyi kazi mpaka uviruhusu. Ukiona humo kumetulia, mtuhumiwa wako ni kiendelezi.

Fundi, nilikuwa natafuta mechi ya bure, ukurasa ukasema nibofye "Ruhusu" ndipo video icheze. Sasa kila saa naambiwa kicheza video changu kimepitwa na wakati.

Hiki ndicho kisa ninachokiona kuliko vyote, na huja Jumatatu, baada ya ligi. King'amuzi kimeisha malipo, kibandaumiza kimejaa, mtu anaingia mtandaoni kutafuta mechi. Anakuta duara linalozunguka kama video inapakia, na juu yake maneno: bofya Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti.

Kitufe kile hakina undugu wowote na video. Ni ruhusa ya arifa. Ulipobofya ulimpa mwenye tovuti haki ya kutupa ujumbe kwenye skrini yako hata ukiwa umeshaiacha tovuti yake, na haki hiyo ndiyo anayoiuza kwa watangazaji. Ndiyo maana leo unaambiwa kicheza video kimezeeka, kesho una virusi, keshokutwa umeshinda simu. Wanaotangaza ni tofauti, mlango ni uleule.

Afadhali ni kwamba kwa kubofya Ruhusu peke yake hujasakinisha kitu. Mlango unafungwa hivi: nukta tatu juu kulia, Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Shuka hadi orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Utakuta majina usiyoyajua, mengine ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu tu, hata kuyatamka huwezi. Yaondoe yote. Mimi huwaachia wateja barua pepe na WhatsApp ya kompyuta, basi. Halafu juu ya ukurasa huohuo chagua kwamba tovuti zisikuombe tena kutuma arifa.

Kwenye Firefox nenda kwenye mipangilio ya faragha na usalama, shuka hadi sehemu ya ruhusa, fungua mipangilio ya arifa, ondoa tovuti zilizomo, na uweke tiki kwenye kisanduku cha kuzuia maombi mapya. Tangu toleo la 72 la Januari 2020, Firefox haikurushii ombi la arifa usoni mpaka uwe umebofya kitu kwenye ukurasa. Ndiyo sababu kurasa hizi zinahangaika sana kukufanya ubofye, popote pale.

Kwenye simu, ndani ya Chrome, ni nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Usiende kuzima arifa zote za Chrome kupitia mipangilio ya Android, maana utajinyima hata taarifa kwamba faili ulilokuwa unapakua limefika.

Mbona ukurasa unajua natumia Windows, Chrome, na hata mtandao wa kampuni gani?

Kila kivinjari hujitambulisha kinapobisha hodi kwenye tovuti, na anwani yako ya intaneti inamtaja mtoa huduma wako. Hakuna aliyekagua kompyuta yako. Ile mistari ya kijani inayokimbia ikihesabu virusi ni mchoro tu, na ungeletewa uleule hata kwenye kompyuta iliyotoka kwenye boksi leo.

Nikibofya "Hapana" au ile alama ya X si inatosha?

Hapana. X iliyochorwa ndani ya ukurasa ni mali ya mwenye ukurasa, anaweza kuifanya kitufe cha kupakulia. Funga kichupo chenyewe kwa X iliyo juu kabisa ya kivinjari, au bonyeza Ctrl na W.

Kichupo hakifungiki! Kimejaa skrini nzima na kinapiga kelele.

Shikilia Esc sekunde chache ili kitoke kwenye skrini nzima. Kikigoma, Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja zitafungua msimamizi wa kazi wa Windows. Chagua kivinjari, kiue. Wenye Mac watumie Command, Option na Esc. Ukikifungua tena kitakuuliza kama kikurudishie kurasa ulizokuwa nazo. Kataa, la sivyo unamwita mgeni uliyemfukuza.

Kwenye simu nina mbinu moja ninayoipenda: weka hali ya ndegeni, fungua Chrome, ukurasa utashindwa kupakia, ufunge kwa utulivu wako, kisha rudisha mtandao. Na bando lako limepona.

Nimeshabofya "Sakinisha". Nimekwisha?

Inategemea ulifika wapi. Kama faili lilishuka tu kwenye folda ya vipakuliwa na hukulifungua, lifute, toa takataka, endelea na maisha.

Kama ulilifungua, chomoa intaneti kwanza. Kwenye Windows fungua orodha ya programu zilizosakinishwa na uipange kwa tarehe. Zilizoingia siku hiyo ambazo huzitambui, ziondoe. Rudisha mtandao, pakua AdwCleaner, kifagio cha programu za matangazo, kutoka tovuti ya Malwarebytes yenyewe, maana hata yeye ana waigaji wake, na uiache ifagie. Baada ya hapo fanya ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, ule ambao kompyuta inajizima na kukagua kabla Windows haijawaka. Hauhitaji kununua antivirasi yoyote.

Halafu kuna hatua ambayo watu wanairuka: nywila. Chukulia kwamba zote ulizohifadhi kwenye kivinjari zimesomwa. Zibadilishe ukiwa kwenye kifaa kingine kilicho safi, ukianza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti zako nyingine zote.

Sisemi haya kutishana. Tarehe 24 Oktoba 2017 kirusi cha Bad Rabbit kilifunga mafaili ya watu na taasisi, hasa Urusi na Ukraine, na kilianza kwa ukurasa unaodai Flash inahitaji kusasishwa, uliopachikwa kwenye tovuti halali zilizokuwa zimedukuliwa. Wenye Mac nao wasijidanganye: Shlayer, iliyowasumbua sana mwaka 2019, nayo ilivaa sura ya Flash.

Ukurasa umeniambia nibonyeze Windows na R, nibandike kitu, nibonyeze Enter, eti ndiyo kurekebisha kivinjari.

Usifanye. Huu ni mtindo ulioshika kasi mwaka 2024. Ukurasa umeshanakili amri kwa siri kwenye ubao wako wa kunakilia, na wewe ndiye unayeiendesha kwa mkono wako, kwa hiyo kivinjari hakina cha kuzuia. Ukishafanya, rudi kwenye jibu lililotangulia na uanze na kuchomoa intaneti.

Kuna ukurasa unadai Chrome yangu ni ya zamani. Nitajuaje ukweli?

Andika chrome://settings/help kwenye upau wa anwani. Chrome itajikagua na kujisasisha palepale. Kwenye Firefox ni menyu ya msaada, kisha kuhusu Firefox. Kivinjari hakijisasishi kupitia tovuti ya umbea au ya tamthilia.

Nafuta kiendelezi, kesho yake kimerudi.

Hapa pana sababu tatu, na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo tulia.

Ya kwanza ni usawazishaji. Umeingia Chrome kwa akaunti yako ya Google kwenye laptopu ya nyumbani na kompyuta ya kazini. Unafuta huku, kule kimebaki, na akaunti inakirudisha kwa nia njema kabisa. Zima usawazishaji kote, kifute kwenye kila kifaa kupitia chrome://extensions, kisha uwashe upya.

Ya pili ni programu ya kwenye kompyuta inayokipandikiza. Huku kwetu mfano mkubwa ni IDM, ile ya kupakulia mafaili. Kila ukiwasha Chrome inakuletea taarifa kwamba kiendelezi kipya kimeongezwa, IDM Integration Module, je, ukiwashe? Ukikataa, kesho inauliza tena. Kiendelezi hicho chenyewe si kirusi. Kama hukitaki, fungua IDM, ingia kwenye chaguo zake, ukurasa wa kwanza wa jumla, na uondoe tiki mbele ya jina la kivinjari chako. Ila kama IDM yako ni ile iliyopasuliwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili isilipiwe, iliyokuja kwenye flashi ya rafiki, basi sijui ndani yake kumewekwa nini na wewe hujui, kwa hiyo ushauri wangu ni uing'oe. Programu ya PDF ya Adobe nayo ina tabia ya kuleta kiendelezi chake. Bofya Ondoa, maana Chrome na Firefox zinafungua PDF zenyewe, Firefox tangu mwaka 2013.

Ya tatu ndiyo mbaya: sera. Kama chini ya menyu ya nukta tatu kumeandikwa kwamba kivinjari kinadhibitiwa na shirika lako, na wewe huna shirika, kompyuta ni ya kwako na wanao, andika chrome://policy uone. Ukikuta mstari wa ExtensionInstallForcelist wenye herufi ndefu zisizo na maana, kuna programu imejifanya bosi wako na kuamuru kiendelezi kisifutike. Kwanza iondoe programu iliyoleta amri hiyo kwa AdwCleaner na orodha ya programu, maana ukifuta amri na kumwacha aliyeitoa ataiandika upya. Kisha fungua regedit, programu ya Windows ya kuhariri mipangilio yake ya ndani, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, ufute folda ya ExtensionInstallForcelist na uwashe kompyuta upya. Angalia pia chini ya HKEY_CURRENT_USER kwa njia hiyohiyo. Kama regedit inakutisha, una haki ya kutishika. Mpe fundi.

Tahadhari: kama laptopu ni ya mwajiri, maneno hayo ni ya kweli. Usifute kitu, zungumza na watu wa tehama.

Na usipoteze muda kutafuta kile kifagio cha programu hasidi kilichokuwa ndani ya mipangilio ya Chrome. Google walikiondoa mwaka 2023.

Nikiweka upya mipangilio ya kivinjari nitapoteza kila kitu?

Hapana. Alamisho, historia na nywila zilizohifadhiwa hubaki. Viendelezi vinazimwa, ukurasa wa mwanzo na injini ya utafutaji vinarudi vilivyokuwa. Firefox ina kitu kama hicho kwenye about:support. Lakini kama tatizo ni sera niliyoieleza hapo juu, kuweka upya hakutasaidia.

Nimefunga kamera za ulinzi dukani. Nikifungua kwenye kompyuta inasema nisakinishe programu-jalizi. Nasakinisha, inasema tena. Nasakinisha, inasema tena!

Mzee wangu, pole, hapa hakuna tapeli. Hili ni ombi la kweli lililozeeka.

Mashine nyingi za kurekodia, za Hikvision na Dahua zikiwemo, zilitengenezwa wakati video ya moja kwa moja ilikuwa haiwezi kuonekana kwenye kivinjari bila programu-jalizi. Ukurasa wake umeandikwa ukague kama programu-jalizi ipo. Chrome ya leo hata uisakinishe mara 20 haitaiita, kwa hiyo ukurasa unaona haipo na kuomba upya. Kompyuta imetii, kivinjari kimekataa, na ukurasa haujui tofauti.

Njia fupi ni kuacha kivinjari. Hikvision wana programu ya kompyuta inaitwa iVMS-4200, na ya simu Hik-Connect. Dahua wana SmartPSS kwa kompyuta na DMSS kwa simu. Zote ni za bure. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji au Play Store, si kwenye tovuti ya tatu uliyoikuta kwa kutafuta.

Kama lazima utumie kivinjari, kwa mfano kuna mpangilio unaopatikana huko tu, tumia Edge ndani ya Windows. Fungua mipangilio yake, sehemu ya kivinjari chaguomsingi, uruhusu tovuti kupakiwa upya kwa hali ya Internet Explorer, kisha uwashe Edge upya. Andika anwani ya mashine. Nyingi za Hikvision hutoka kiwandani na 192.168.1.64 na za Dahua 192.168.1.108, kama fundi hakubadilisha. Halafu kwenye menyu chagua kupakia upya kwa hali hiyo. Sasa ile programu-jalizi itakubalika. Isakinishe kivinjari kikiwa kimefungwa, na ukiwa na haki za msimamizi wa kompyuta. Edge inaukumbuka ukurasa huo siku 30 tu, baada ya hapo unauongeza tena, kwa hiyo usije kudhani kimeharibika.

Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, lakini Microsoft wameahidi kuitunza hali hii ndani ya Edge angalau hadi mwaka 2029.

Mashine mpya, au ya zamani iliyosasishwa programu yake ya ndani, huonyesha picha bila programu-jalizi yoyote. Fundi akija kwa jambo lingine, mwambie aangalie na hilo. Na mwulize, kwa upole, kama alibadilisha nywila aliyoikuta. Wengi hawabadilishi.

Mfumo wetu wa kazini unadai Java au Silverlight. Nifanye nini?

Wewe mtumiaji huna cha kurekebisha. Java iliondoa kabisa sehemu yake ya kivinjari kwenye toleo la 11 mwaka 2018, na Silverlight iliachwa Oktoba 2021. Hali ya Internet Explorer ndani ya Edge inaweza kuwavusha kwa muda, huku mwenye mfumo akiuandika upya.

Hamko peke yenu. Afrika Kusini, mamlaka ya mapato ilibaki na fomu za kodi zilizojengwa kwa Flash hadi Flash ikazimika, na Januari 2021 ikatoa kivinjari chake yenyewe chenye Flash ndani ili watu wajaze fomu. Korea Kusini, nchi yenye intaneti ya kasi ya ajabu, ililazimisha watu kwa miaka mingi kusakinisha rundo la programu-jalizi ndipo waingie benki, kwa sababu ya cheti cha kielektroniki kilichowekwa kisheria mwaka 1999. Hadhi ya kipekee ya cheti hicho ilifutwa Desemba 2020.

Firefox inaniambia niwashe DRM ndipo nione filamu. Na hii pia?

Hii ni halali, mradi ujumbe umetoka kwenye utepe wa Firefox yenyewe juu ya ukurasa na uko kwenye huduma ya filamu unayoilipia. DRM ni kufuli la kuzuia filamu zisinakiliwe. Filamu hizo zimefungwa kwa lile la Widevine la Google, na Firefox inakupa uhuru wa kukataa. Ukikubali, inajipakulia yenyewe. Haikupeleki tovuti nyingine.

Ukifungua about:addons, upande wa programu-jalizi, utakuta Widevine na OpenH264 ya Cisco, inayosaidia simu za video. Usiogope wala usizifute. Hizo ndizo zilizobaki na kazi.

Simu yangu ya Android inasema nisakinishe programu-jalizi ya Chrome.

Chrome ya Android haipokei viendelezi kabisa, kwa hiyo sentensi hiyo ni uongo kabla hata hujaimaliza. Wanachotaka ni usakinishe faili la APK, yaani programu ya Android isiyopitia dukani. Tangu Android 8, kila programu inahitaji ruhusa yake kabla ya kusakinisha programu za nje ya duka. Tafuta kwenye mipangilio ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana, uhakikishe Chrome, WhatsApp na kile cha kufungulia mafaili vyote vimenyimwa.

Kama matangazo yanaibuka hata ukiwa kwenye kikokotoo, si kivinjari tena, ni programu uliyoiweka. Washa simu kwa hali salama, ambamo zinafanya kazi zile tu zilizokuja na simu. Yakikoma, rudi hali ya kawaida na uondoe programu moja moja ukianza na ya karibuni. Kwa uzoefu wangu huwa ni tochi, kisafisha simu, au kibodi ya urembo.

Kizuia matangazo kinasaidia?

Sana, kwa sababu kurasa hizi nyingi huletwa na matangazo. Firefox na uBlock Origin ndiyo jozi ninayoiweka kwa wateja, na inafanya kazi hata kwenye simu. Chrome imebadilisha kanuni za viendelezi na uBlock Origin kamili haifanyi kazi humo tena. Ipo ndogo yake, uBlock Origin Lite. Angalia jina vizuri unapotafuta dukani, waigaji wapo.

Nina kompyuta nane za kukodisha. Nimechoka kusafisha kila jioni.

Dada yangu, tumia silaha ya adui. Ile folda ya sera niliyoitaja inakutii na wewe. Ndani ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome (itengeneze kama haipo) weka thamani ya DWORD (aina ya kuwekea namba) yenye jina DefaultNotificationsSetting na namba 2, na hakuna tovuti itakayoomba arifa tena. Kisha tengeneza folda ndogo ExtensionInstallBlocklist, ndani yake thamani ya maandishi yenye jina 1 na yaliyomo ni nyota moja, *. Hapo hakuna kiendelezi kitakachoingia. Thibitisha kwa chrome://policy. Wateja wape akaunti ya Windows isiyo na haki za msimamizi. Mimi nilifanya hivyo mchana mmoja, na sasa maneno "kinadhibitiwa na shirika lako" yananifurahisha kila nikiyaona.

Nina CD za masomo za watoto za Flash. Ndiyo basi tena?

Siyo. Kuna Ruffle, programu huria inayocheza mafaili ya SWF, ndiyo mafaili ya Flash, bila Flash yenyewe. Internet Archive wanaitumia tangu Novemba 2020 kuonyesha michezo na katuni za zamani. Pakua ile ya kompyuta kutoka ruffle.rs, na uburute faili la SWF ndani yake. Mengi ya zamani hucheza vizuri, ila yale ya miaka ya mwisho ya Flash mengine hukwama katikati. Niliijaribu kwa CD moja ya hesabu ya darasa la tatu: maswali yalifunguka, sungura akacheza, vitufe vikaitika, ila sauti ya kumpongeza mtoto ikawa inachelewa, anapongezwa akiwa ameshakosea swali linalofuata.